Taka za mionzi: maana, matumizi na vitenzi vyake

taka za mionzi nm [i-/zi-] kitu kigumu, kimiminiko au gesi isiyokusudiwa kutumiwa tena, yenye viini vinavyotoa mionzi kwa kiwango kinachozidi kile ambacho mamlaka ya udhibiti imekiruhusu kuachwa bila uangalizi. *Taka za mionzi kutoka hospitalini hazichanganywi na taka nyingine.*

Istilahi hii imeshatoka katika maabara na kuingia katika habari, mabango ya onyo, mikataba ya kazi na nyaraka za serikali. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Tangu hapo neno analolichagua mfasiri katika eneo hili laweza kuwa neno la kifungu cha sheria, na kifungu hicho ndicho kitakachosema nani amefanya kosa na nani ametimiza wajibu. Makala haya yanaeleza maana ya istilahi, upatanisho wake, vitenzi vinavyofaa kuandamana nayo, na makosa yanayojirudia. Mifano mingi inahusu Kilwa na pwani ya Lindi, ambako gesi asilia, hospitali, mazao ya kuuza nje na biashara ya vyuma chakavu huyakutanisha maneno haya na maisha ya kila siku.

1. Mipaka ya maana

Sehemu mbili za fasili hubeba uzito. Ya kwanza ni *isiyokusudiwa kutumiwa tena*. Chanzo cha mionzi kinachofanya kazi katika mashine si taka, hata kama ni cha hatari kubwa. Huwa taka pale mwenye nacho anapokuwa hana matumizi nacho. Ya pili ni *kiwango*. Mionzi asilia imo katika udongo, mawe, chakula na mwili wa binadamu, kwa hiyo kuwepo kwa mionzi peke yake hakukifanyi kitu kiitwe taka za mionzi.

Sehemu hii ya pili hukosewa sana katika habari za biashara. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania hupima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini, na korosho na ufuta wa Lindi ni miongoni mwa mazao yanayosafirishwa nje. Kusema *korosho hizi hazina mionzi* si sahihi, kwa kuwa karibu kila chakula kina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hutoa mionzi kwa asili yake. Usemi sahihi ni *kiwango cha mionzi katika korosho hizi kimo ndani ya kile kinachoruhusiwa*.

Vilevile yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kawaida huyachanganya:

*Kupigwa na mionzi* ni kufikiwa na mionzi iliyotoka kwenye chanzo. Mgonjwa aliyepigwa picha ya eksirei amefikiwa na mionzi, lakini hakuondoka nayo. Hawezi kumwambukiza mtu.

*Kuchafuliwa na vitu vya mionzi* ni kupatwa na vumbi, majimaji au chembe zinazotoa mionzi, zikakaa kwenye ngozi, nguo au ndani ya mwili. Chembe hizo zaweza kuhama kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine.

Kitenzi *-ambukiza* hakifai katika hali zote mbili, kwa sababu humfanya msomaji afikirie maradhi yanayozaana mwilini. Kwa hali ya pili tumia *-chafua* na *-eneza*.

2. Umbo na upatanisho

*Mwonzi* (wingi *mionzi*) ni nomino ya ngeli ya [u-/i-]. Husemwa *mionzi hii*, *mionzi mikali*, *mionzi imepungua*. *Mionzi hizi* ni kosa. Katika kirai *taka za mionzi*, neno kuu ni *taka*, hivyo vitenzi na vivumishi hufuata [zi-]: *taka hizi za mionzi zimepimwa*.

Kivumishi *-nururifu* kimetokana na *nuru*, neno lenye asili ya Kiarabu. Hupatana na ngeli mbalimbali: *kitu kinururifu*, *madini manururifu*, *taka nururifu*. Baadhi ya maandishi ya sayansi hutumia *-nunurifu*. Umbo la *-nururifu* lina faida ya kuonyesha mzizi wake waziwazi, na mwandishi akishachagua umbo moja asilibadilishe katikati ya andiko.

Hata hivyo, mzizi huo una mtego. Msomaji anayeona *nuru* ndani ya neno aweza kudhani kwamba kitu kinururifu hung'aa gizani. Vingi having'ai kabisa. Kwa umma wa kawaida, *taka zenye mionzi* au *taka za mionzi* hueleweka upesi zaidi, na *taka nururifu* ibaki kwa maandishi ya kitaalamu.

*Taka hatarishi* ni istilahi pana, na mfasiri wa mikataba azingatie tofauti hii: Mkataba wa Basel wa 1989 huziacha nje taka za mionzi ambazo tayari zina mfumo mwingine wa udhibiti wa kimataifa, ilhali Mkataba wa Bamako wa 1991, uliotungwa kuzuia taka hatarishi kuingizwa barani Afrika, unazijumuisha. Maneno yaleyale mawili hayana upana uleule katika nyaraka hizo.

3. Taka za mionzi na zisizo za mionzi katika pwani ya Lindi

Tanzania haina mtambo wa nyuklia wa kuzalisha umeme, kwa hiyo picha ya mapipa ya mafuta ya nyuklia yaliyotumika haiwahusu wakazi wa Lindi. Yanayowahusu ni mambo madogo na ya karibu zaidi.

*Mashine ya eksirei.* Mashine hii huzalisha mionzi kwa umeme. Ikizimwa, mionzi haipo. Mashine mbovu ya eksirei iliyo katika ghala la hospitali ni kifaa kibovu, na yaweza kuwa na mafuta au metali za kuangaliwa, ila si taka za mionzi. Kwa upande mwingine, mashine za tiba ya saratani zinazotumia kobalti-60, kama zilizotumika katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wanakopelekwa wagonjwa kutoka mikoa mingi, zina chanzo ambacho hakizimwi. Kikidhoofu hubaki kuwa cha hatari, na hapo ndipo kinapoitwa *chanzo kilichokwisha matumizi*.

*Vyanzo vya viwandani.* Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na uzalishaji wa kibiashara ukaanza mwaka 2004. Bomba jingine la gesi, kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam kupitia mkoa wa Lindi, lilikamilika mwaka 2015. Katika kazi za namna hii duniani kote, maungio ya mabomba kwa kawaida hukaguliwa kwa mionzi ya iridiamu-192, na wapimaji wa visima hutumia vyanzo vya sesiamu-137 na amerisiamu-241. Vyanzo hivi ni vidogo na hufungwa ndani ya metali. Baadhi havizidi ukubwa wa punje ya maharage. Huitwa *vyanzo vilivyozibwa*. Kilichopotea, kilichoibwa au kilichoachwa bila mwenye kuwajibika huitwa *chanzo yatima*.

*Ukoko wa mabomba.* Maji na gesi vinavyotoka chini ya ardhi vyaweza kuja na radiamu na radoni. Radiamu huganda pamoja na chumvi na kufanya ukoko mgumu ndani ya mabomba na matangi; radoni huacha risasi-210 kwenye kuta za mitambo. Kiasi hutegemea miamba ya mahali, na ndiyo sababu mitambo hupimwa kabla ya kukatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Istilahi yake ni *taka za mionzi asilia*, na neno *asilia* lisimfanye msomaji aone kuwa ni salama. Laeleza chimbuko lake tu.

*Visusu vya urani.* Mradi wa urani wa Mto Mkuju uko Namtumbo, mkoani Ruvuma, jirani na Lindi. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe kwa ajili ya mradi huo. Mito ya eneo hilo humiminika kuelekea Rufiji, ambayo delta yake iko kaskazini ya Kilwa. Mawe yakishasagwa na urani kutolewa, yanayobaki huitwa *visusu* katika lugha ya migodi mikubwa, na wachimbaji wadogo wa dhahabu huyaita *marudio*. *Mabaki* ni neno pana mno hapa. Jambo la kusisitiza katika tafsiri ni kwamba visusu vya urani hubaki na sehemu kubwa ya mionzi iliyokuwa ndani ya jiwe, kwa kuwa radiamu haiondolewi pamoja na urani. Kuviita *makapi* humwambia msomaji kwamba kilicho kikali kimeshaondoka.

4. Kitenzi kinachoandamana na taka

Katika Kiswahili cha kila siku, nomino *taka* huja na vitenzi vyake: taka *huzolewa*, *hutupwa* jaani au kwenye dampo, *huchomwa*, *huteketezwa*. Vitenzi hivi hutokea bila kufikiriwa, na ndivyo hasa vinavyoleta hatari katika eneo hili.

*-choma, -teketeza.* Katika lugha ya ofisi, *kuteketeza* ni kitenzi cha kawaida kwa dawa zilizokwisha muda, bidhaa bandia na taka za hospitali. Ndiyo maana habari nyingi huandika *kuteketeza taka za mionzi*. Moto haugusi kiini cha atomu. Ukichoma glovu zilizochafuliwa na sesiamu, sesiamu yote itakuwepo baadaye, nyingine katika majivu na nyingine katika moshi. Vichomeo maalumu hupunguza ujazo wa taka, ila mionzi haipungui. Hakuna namna ya kawaida ya kuziteketeza taka za mionzi, kwa hiyo kitenzi hiki kiepukwe.

*-tupa.* Kutupa ni kuacha kitu na kuacha pia kuwajibika nacho. Sheria hudai kinyume chake. Ikiwa mfasiri ataita mpango rasmi wa taka *utupaji wa taka za mionzi*, atakosa neno la kuuita uhalifu wa kuzimwaga porini au baharini, jambo ambalo nchi wanachama wa Mkataba wa London zililipiga marufuku kwa taka zote za mionzi mwaka 1993. Kifungu kisemacho *utupaji ufanywe kwa kibali* na kingine kisemacho *utupaji ni kosa* vikikaa katika sheria moja, wakili atapata pa kupenyeza hoja. Pendekezo ni kuliacha neno *utupaji* liwe jina la kosa.

*-hifadhi.* Hii ni kuweka kwa nia ya kuja kukitoa tena. Tanzania ina kituo cha kuhifadhia taka za mionzi Arusha, chini ya Tume ya Nguvu za Atomu. Taka zinazopelekwa huko zinasubiri, kwa hiyo *uhifadhi* au *uhifadhi wa muda* ni sahihi.

*-zika, -fukia.* Kuweka taka mahali pasipo na nia ya kuzitoa ni tendo jingine, nalo lahitaji jina lake. *Kufukia* ni kufunika kwa udongo tu, na mtu hufukia hata shimo la panya. *Kuzika* kuna utaratibu, ushahidi, mahali panapojulikana na watu wanaopaheshimu. Kwa sababu hiyo *uzikaji wa kudumu* hufaa pale taka zinapowekwa ardhini kwa mpango, na *uondoshaji wa kudumu* huweza kutumika kama istilahi ya jumla. *Uhifadhi wa kudumu* uepukwe, kwani hufuta tofauti kati ya kusubiri na kumaliza.

Linganisha:

Si sahihi: *Vyanzo vya zamani vitateketezwa mjini Arusha.*
Sahihi: *Vyanzo vilivyokwisha matumizi vitahifadhiwa Arusha, au vitarejeshwa kwa mtengenezaji.*

Si sahihi: *Kampuni imepewa kibali cha kutupa taka za mionzi.*
Sahihi: *Kampuni imepewa kibali cha kukabidhi taka za mionzi kwa mamlaka.*

Methali *mtupa jongoo hutupa na mti wake* yafaa sana darasani. Glovu, vitambaa, koleo na maji ya kuoshea yaliyogusa kitu kinururifu huhesabiwa pamoja nacho. Istilahi yake ni *taka za pili*, na methali hueleza sababu kwa ufupi kuliko fasili.

5. Kudhibiti, kusimamia, kuzuia

Vitenzi hivi vitatu hubadilishana katika magazeti, lakini kila kimoja kina mtendaji wake.

*Kudhibiti* ni kazi ya mamlaka: kuweka viwango, kutoa leseni, kukagua na kuchukua hatua. Tanzania ilianza na Tume ya Taifa ya Mionzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 ikaweka mahali pake Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. *Kusimamia* ni kazi ya mwenye leseni: kutenganisha taka, kuziwekea alama, kutunza daftari, kuzikabidhi. *Kuzuia* ni kukataza au kukinga. Kuandika *Tume inasimamia taka za kiwanda* humwondolea mwenye kiwanda wajibu wake kwa kitenzi kimoja. Andika *kiwanda kinasimamia taka zake, na Tume inadhibiti*.

Jina rasmi la Tume lina neno *atomu*. Vyombo vingi vya habari husema *nyuklia* na *atomiki* kwa zamu. Katika jina la taasisi fuata jina lake. Kwingineko chagua moja.

6. Nusumaisha na kitenzi kuoza

*Nusumaisha* (pia *nusu uhai*) ni muda ambao nusu ya viini vya elementi nururifu huwa vimevunjika. Isifafanuliwe kama *nusu ya maisha yake*, kwa sababu msomaji atahesabu kwamba baada ya nusu mbili kila kitu kimekwisha. Nusumaisha ya sesiamu-137 ni miaka 30 hivi: baada ya miaka 60 hubaki robo, baada ya 90 hubaki thumuni. Iridiamu-192, yenye nusumaisha ya siku 74 hivi, hubaki na karibu sehemu moja ya elfu baada ya miaka miwili. Radiamu-226 huhitaji miaka 1,600 ili ifikie nusu tu.

Kilwa ina kipimo kinachomsaidia mwalimu. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331. Nusumaisha ya amerisiamu-241 ni miaka 432 hivi. Kama chanzo cha amerisiamu kingezikwa Kilwa Kisiwani mwaka huo, karibu theluthi yake ingekuwapo hadi leo, katika mji ambao majumba yake yamekwisha kuwa magofu.

Baadhi ya waandishi hutumia *kuoza* kwa tendo hili. Kwa mvuvi wa Kilwa Masoko, samaki aliyeoza huzidi kuharibika kila siku, ilhali kiini nururifu kikishavunjika hakitoi tena mionzi ileile, na jumla ya nguvu hufifia. *Kuvunjika kwa kiini* na *kufifia kwa mionzi* hueleweka bila kupotosha.

7. Radi na risasi

Majina mawili ya elementi yahitaji uangalifu. Umbo fupi *radi*, likitumiwa kwa elementi, linagongana na *radi* ya mvua. Sentensi *bomba lina radi* humpeleka msomaji mawinguni. *Radiamu* ni salama zaidi. *Risasi* ni jina la metali lililozoeleka na halina mbadala bora, ila ni jina la kitu kitokacho kwenye bunduki vilevile; likiandikwa pamoja na namba yake, *risasi-210*, au likitanguliwa na neno *metali*, utata huondoka. Utata huu si mdogo kwa taka za mionzi, kwa kuwa makasha ya kubebea vyanzo mara nyingi hutengenezwa kwa risasi, na risasi ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

8. Maandishi ya onyo

Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, watu wawili walitoa sehemu ya mashine ya tiba katika kliniki iliyohamwa na kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137 uliotoa mwanga wa samawati, na watu waliugawana kwa sababu ulipendeza. Wanne walifariki katika wiki zilizofuata na watu 249 walikutwa wamechafuliwa. Hiki ni mojawapo ya visa adimu ambamo kitu kinururifu kiling'aa kweli, na nuru hiyo ndiyo iliyowavuta.

Alama ya mabawa matatu haijielezi yenyewe kwa asiyefundishwa. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilizindua alama ya nyongeza kwa vyanzo vikali: pembetatu nyekundu yenye mionzi, fuvu na mtu anayekimbia. Ilijaribiwa katika nchi 11, Kenya ikiwemo, kabla ya kukubaliwa. Maneno ya Kiswahili yanayoambatana na alama hizi yafuate busara hiyohiyo. *Tahadhari: eneo lenye vyanzo nururifu, hairuhusiwi kuingia bila idhini* ni sentensi ya ofisini. Mtu anayefungua kasha kwa patasi uani Nangurukuru atasaidiwa zaidi na vitenzi vifupi vya kukataza na kuamuru:

*HATARI. MIONZI YA KUUA. USIFUNGUE. USIGUSE. ONDOKA, KATOE TAARIFA.*

Kila neno hapo linamwambia jambo la kufanya au la kuacha. Neno *taka* halimo, na lisiwekwe: juu ya kasha la chuma, *taka* husomeka kama kitu ambacho mwenyewe amekiacha na yeyote anaweza kukichukua.